Tangu Modemu ya Sufuriani

Kwetu Ijumbi, wilayani Muleba, mtandao ulikuwa na mahali pake. Ulitoka kibanjani, ukaiacha migomba na mibuni nyuma yako, ukapanda hadi rweya kwenye majani mafupi, na hapo ndipo simu ilipoonyesha herufi E, alama ya intaneti. Ukishuka nyumbani inakata. Mgomba ni maji matupu, na mawimbi ya simu yakikutana na maji huchoka. Masika, majani yakilowa, hata kile kidogo kilichokuwa kikipenya kinaisha. Juu ya hayo weka paa la bati. Vijana waliokuwa na wachumba Mwanza waliijua rweya kuliko wachunga ng'ombe.

Nilipofungua steshenari pale senta nilinunua modemu ya USB iliyoandikwa 7.2 Mbps. Kasi hiyo sikuwahi kuiona hata usiku wa manane. Ilikuwa sifa ya kifaa, wala mnara haukuwa umeahidi chochote. Tuliichomeka kwenye waya mrefu, tukaining'iniza ndani ya sufuria iliyoelekezwa kilimani kulikokuwa na mnara, na wanaocheka wajue kwamba sufuria ile ilifanya kazi: chuma kilichopinda hurudisha mawimbi kuelekea katikati, kama dishi. Tatizo lilikuwa mama ntilie wa jirani, ambaye ilipokaribia saa sita alikuja kuidai sufuria yake, na wateja wangu wakasubiri mpaka wali uive.

Modemu hiyo ilikuwa imefungwa, inakubali laini ya kampuni moja tu. Ndipo nikapelekwa kwa fundi mmoja Bukoba mjini aliyekuwa akiflashi simu. Akaichomeka kwenye kompyuta yake, akafungua faili, taa ya modemu ikazimika. "Usiguse hata meza," akaniambia. "Umeme ukikata hapa, tunazika." Alichokuwa akibadilisha ni faimuwea, ile programu iliyo ndani ya kifaa chenyewe, inayokiambia kizungumze vipi na mnara, kitumie masafa yapi na kikubali laini ya nani. Kompyuta yako ikifa unaweza kuifufua kwa diski. Kifaa ambacho faimuwea yake imekatika katikati mara nyingi hakina hata akili ya kujua kwamba kinafufuliwa. Na kwa umeme wa Kagera, ambao kwa miaka mingi ulikuwa ukiletwa kwa waya kutoka Uganda na kukatika bila kuaga, onyo la fundi halikuwa mbwembwe. Taa ikawaka. Nikaweka laini nyingine, ikashika.

Nje ya kuflashi, hakuna aliyesasisha kitu Ijumbi kwa hiari yake. Bando lilihesabiwa kwa MB, na Windows ikiamka na sasisho lake asubuhi, bando la siku limeisha kabla mteja wa kwanza hajafika. Kazi ya kwanza ya fundi yeyote aliyeletewa kompyuta ndogo ilikuwa kuzima masasisho. Nami nilizima ya watu wengi, nikalipwa. Siku hizi wataalamu wa usalama wakisema watu wa vijijini hawajali kusasisha, huwa natamani wangeona bei ya GB moja ya wakati ule pembeni ya bei ya debe la kahawa.

Mambo yalianza kugeuka kwa hatua ambazo hazikuanzia kwetu. Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulikuwa umefika Dar es Salaam kupitia baharini, nchi ikaanza kuachana na utegemezi wa setilaiti, na mkongo wa taifa ukaanza kupelekwa mikoani. Oktoba 2015 Halotel, mali ya Viettel ya Vietnam, ikaanza huduma na kuingia vijijini kwa nguvu. Mwaka 2018 TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, ikanadi masafa ya 700 MHz, wakapata Vodacom na Azam Telecom. Habari hiyo ilipita magazetini kimyakimya, lakini kwa mtu anayeishi bondeni kwenye migomba ilikuwa habari kubwa kuliko simu yoyote mpya. Mawimbi ya masafa ya chini huenda mbali zaidi na huvumilia majani na kuta kuliko ya juu. Nimewasikia watu wakisifu rauta zao kwa kasi ambayo kwa haki sifa yake ni ya mnara wa kilimani.

Rauta yangu ya kwanza ya 4G ilikuwa na ukurasa wake, unaandika 192.168.8.1 kwenye kivinjari, unaingia. Mle ndani kulikuwa na namba zinazoonyesha nguvu ya mnara, na kitufe cha kusasisha. Nilikiangalia kwa mashaka yale yale ya Bukoba mjini: umeme ukikata je? Bando je? Lakini dunia ilikuwa imeanza kutisha. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na rauta ambazo wenyewe waliziachia nywila za kiwandani. Oktoba 2017 Mathy Vanhoef, mtafiti wa Ubelgiji, akaonyesha udhaifu aliouita KRACK katika ulinzi wa WPA2 uliokuwa ukitumiwa na karibu kila Wi-Fi. Mei 2018 FBI ya Marekani ikawaomba watu wazime na kuwasha rauta zao kwa sababu ya VPNFilter, kirusi kilichokuwa kimeingia kwenye vifaa visivyopungua 500,000 katika nchi zisizopungua 54. Nikasubiri siku ambayo betri ya sola imejaa, nikabonyeza.

Kilichobadilisha tabia zetu kabisa, kwa maoni yangu, ni namna ya kulipa kuliko hofu ya virusi. Zilipokuja huduma za nyumbani za kulipia kwa mwezi, tukaacha kununua kiasi, tukaanza kununua kasi. Sasisho likiwa kubwa au dogo, bei ni ile ile. Na rauta hizo haziulizi. Kuna utaratibu uitwao TR-069, uliotolewa mwaka 2004, unaoiwezesha kampuni kuifikia rauta yako ikiwa ofisini kwake, kuibadilishia mipangilio na kuiwekea faimuwea mpya. Kwa kawaida hufanyika usiku. Unalala na rauta moja, unaamka na nyingine iliyovaa plastiki ile ile.

Asubuhi moja, dirisha la mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu ya HESLB likiwa wazi na benchi langu limejaa wahitimu wenye vyeti vya kuzaliwa mikononi, printa ilipotea. Karatasi ipo, wino upo, taa inawaka, kompyuta haiioni. Usiku rauta ilikuwa imejisasisha. Zamani ilirusha Wi-Fi mbili zenye majina mawili, moja ya 2.4 GHz na nyingine ya 5 GHz. Sasa ilikuwa na jina moja kwa zote mbili, ikichagua yenyewe nani akae wapi, na ilikuwa imewasha WPA3, ulinzi uliotangazwa 2018. Kwa simu mpya hayo ni maendeleo. Printa yangu haikuijua 5 GHz wala WPA3, na jina ililolizoea halikuwepo tena. Mzee mmoja aliyemleta binti yake alinivumilia, kisha akauliza kwa upole, "Mwalimu, waitu, kama ilikuwa inafanya kazi jana, waliitengeneza ya nini?" Sikuwa na jibu lililofaa kusemwa mbele ya foleni. Niliingia kwenye ukurasa wa rauta, nikatenganisha majina, nikairudishia printa WPA2 yake, na fomu zikaanza kutoka saa nne.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuitwa. Malalamiko ni yale yale: tangu isasishwe imekuwa nzito. Mara chache ni kweli. Mara nyingi ni hesabu. Mtu amelipia 10 Mbps, anapakua filamu, anaona MB 1.2 kwa sekunde, anadhani ameibiwa. Hajaibiwa: baiti moja ina biti nane, na kumi ukigawa kwa nane unapata 1.25. Mara nyingine ni saa. Mnara wa 4G wenye upana wa 10 MHz, kwa antena mbili, kilele chake cha kwenye vitabu ni kama 75 Mbps, na hiyo ni ya wote waliomo katika upande huo wa mnara. Saa mbili usiku taarifa ya habari, tamthilia na mpira viko hewani pamoja. Saa kumi alfajiri ukipima unajiona uko Dar. Hakuna faimuwea itakayoongeza upana wa masafa, ingawa nzuri huchagua vizuri zaidi kati ya yaliyopo.

Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika baharini na intaneti kulegea nchi nzima, nilipigiwa simu na watu waliokuwa wamekwisha kuchukua pini wakabonyeza kile kitundu cha nyuma. Rauta zikarudi za kiwandani. Mikongo ilipotengenezwa, wao wakabaki hewani bila APN, ile anwani inayoiongoza rauta kwenye intaneti ya kampuni, na mimi nikazunguka na pikipiki kuwarudishia mipangilio.

Ile rauta yangu ya zamani ya 4G sasa iko kwa shangazi. Mtengenezaji aliacha kuitolea masasisho, kwa hiyo udhaifu utakaogunduliwa kesho itabaki nao. Nimembadilishia nywila, nimefunga njia ya kuiingilia rauta kutoka mtandao wa nje, nimeiweka dirishani upande wa kilima. Inampa 4 Mbps siku nzuri, na kwa hizo anamwona mjukuu wake aliyeko Muscat bila picha kuganda. Nimemwambia msimu wa kahawa ukifika tununue mpya. Amesema fedha za kahawa zimeshapangiwa bati la jikoni, na rauta itasubiri mwakani.