Kimya cha Mpiga Kura

Kura ni kitu chepesi. Ni kipande cha karatasi ambacho mtoto aweza kukirarua na upepo waweza kukipeperusha. Lakini kikikunjwa na kutiwa sandukuni pamoja na vingine vya namna yake, hupata uzito usiopimwa kwa mizani. Wenye enzi huujua uzito huo siku moja katika miaka mingi, na aghalabu huujua wakati umekwisha kupita. Jambo hili lilidhihirika India katika mwezi wa Machi, 1977.

Ili ajabu ya mwezi ule ifahamike, yafaa kutazama nyuma kidogo. Tarehe 12 Juni, 1975, Mahakama Kuu ya Allahabad ilihukumu kuwa ushindi wa Waziri Mkuu, Bibi Indira Gandhi, katika jimbo la uchaguzi la Rae Bareli mwaka 1971 ulikuwa batili kwa sababu ya makosa ya sheria ya uchaguzi. Mshtaki alikuwa Raj Narain, aliyeshindwa katika jimbo lile. Usiku wa tarehe 25 mwezi ule ule, hali ya hatari ilitangazwa. Kabla ya mapambazuko wapinzani wakuu walikuwa wamekamatwa, na umeme wa nyumba kadhaa za magazeti ya Delhi ulikuwa umekatwa. Tangu hapo habari zilikaguliwa kwanza ndipo zikachapishwa, na maelfu ya watu walikaa gerezani bila ya kushtakiwa.

Dhiki haikukoma kwa wakubwa wa siasa. Mwaka 1976 nyumba za maskini zilibomolewa karibu na Turkman Gate katika Delhi, na waliokataa kuhama walikutana na risasi za polisi. Kazi ya kupunguza uzazi, ambayo yapasa kuwa ya hiari, iligeuzwa kuwa ya shuruti. Watumishi wa serikali walipewa hesabu ya watu wa kuwapeleka kufungwa uzazi, na mwalimu aliyekosa kuitimiza aliweza kunyimwa mshahara. Katika mwaka wa 1976 na 1977 watu zaidi ya milioni 8 walifungwa uzazi. Wapo waliokwenda kwa ridhaa yao. Lakini wapo wengi pia waliokimbilia mashambani kila waliposikia mngurumo wa gari la serikali.

Hata hivyo nchi ilionekana kuwa tulivu. Migomo ilikwisha, barabara zilikuwa kimya, na magazeti yalijaa sifa. Baadhi ya wenye elimu walisema kwamba maskini hutaka chakula, na kwamba uhuru ni tunu ya walioshiba. Maneno haya yaliwapendeza watawala, kwa kuwa yaliupa ukimya wa watu maana ya ridhaa. Tarehe 18 Januari, 1977, Waziri Mkuu alitangaza kuwa uchaguzi utafanywa mwezi wa Machi. Wapinzani walianza kufunguliwa magerezani, wakiwa na muda wa wiki chache tu wa kujikusanya. Waliungana chini ya jina la Janata, yaani watu, na wengi waliwahesabu kuwa wameshindwa kabla ya kuanza.

Dalili zilikuwapo kwa mwenye macho. Tarehe 2 Februari, Jagjivan Ram, waziri wa kilimo na kiongozi mashuhuri wa watu wa tabaka lililodharauliwa, alitoka serikalini. Siku nne baadaye mkutano mkubwa wa wapinzani ulifanyika katika uwanja wa Ramlila, Delhi. Jioni ile televisheni ya serikali ilionyesha Bobby, filamu iliyopendwa sana, ili watu wakae nyumbani. Watu waliiacha filamu wakaenda uwanjani. Lakini mkutano si kura, na mji mmoja si nchi. Na vijijini, ambako wengi wa wapiga kura waliishi, mtu alipoulizwa nia yake alijibu kwa heshima na hakusema kitu.

Kura zilipigwa tangu tarehe 16 mpaka tarehe 20 Machi, na watu zaidi ya milioni 190 walishiriki. Asiyejua kusoma alisaidiwa na picha: ng'ombe na ndama wake kwa chama cha Congress, na mkulima mwenye plau ndani ya gurudumu kwa Janata. Kila mtu alitiwa wino kidoleni, akapewa karatasi yake, akaenda nyuma ya pazia. Pale hapakuwa na mkaguzi wa habari, wala afisa mwenye daftari, wala jirani mwenye masikio. Kwa dakika moja, mtu aliyenyamaza miezi 21 alisema.

Usiku wa tarehe 20 umati ulikusanyika mbele ya nyumba za magazeti katika Delhi kusoma hesabu zilizobandikwa. Ilijulikana kwamba Bibi Gandhi ameshindwa katika Rae Bareli, tena na Raj Narain yule yule, kwa kura zaidi ya 55,000. Mwanawe Sanjay alishindwa katika Amethi. Uttar Pradesh ilikuwa na viti 85, na Bihar 54: katika mikoa hiyo miwili Congress haikupata hata kimoja. Chama kilichopata viti 352 mwaka 1971 kilibaki na 154 katika 542. Ngoma zilipigwa na halua ziligawanywa kwa watu wasiojuana.

Lakini furaha ile ilikuwa na mshangao wa namna ya pekee. Mtu hushangaa akipata jambo asilolitaka. Hapa watu walishangaa kwa kupata jambo walilolitaka wenyewe. Sababu yake ni kwamba moyo wa mtu ni kichaka, na hofu huzidisha miiba yake. Kila mmoja alikuwa amejiambia kuwa yeye peke yake ndiye aliyechoka, na kwamba jirani yake ameridhika, maana jirani hakusema neno. Jirani naye alimdhania yeye vile vile. Masanduku yalipofunguliwa, mamilioni ya wapweke walifahamu kuwa walikuwa taifa. Mtawala naye alikuwa katika giza lile lile: aliyewafunga watu midomo alijiziba masikio yake mwenyewe, na sifa alizosoma magazetini zilikuwa mwangwi wa sauti yake.

Haki yataka yasemwe na mengine. Kusini, ambako uzito wa shuruti ulikuwa mwepesi zaidi, Congress ilishinda. Andhra Pradesh iliipa viti 41 katika 42. Bibi Gandhi naye aliikubali hukumu: hali ya hatari iliondolewa tarehe 21 Machi, akajiuzulu, na tarehe 24 Morarji Desai, mzee wa miaka 81, aliapishwa. Wenye nguvu wengi duniani wamekataa kuitii karatasi ile nyepesi.

Washindi nao walidhani kuwa wamepata mali ya kudumu. Waligombana wao kwa wao mpaka serikali ikavunjika, na Januari, 1980, wapiga kura wale wale walimrudisha Bibi Gandhi kwa viti 353. Wengine walilalama kuwa watu ni wasahaulifu. Yamkini hawakusahau lolote. Walikuwa wametoa hukumu mbili juu ya makosa mawili. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na anayekihesabu kimya kuwa ni ridhaa hukopa mali asiyojua siku ya kudaiwa.