Usiku Mmoja Tsuwano: Ukarimu Usio na Sharti

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii tumeisikia tangu utotoni, na mara nyingi tunaielewa kwa upande wa chakula: mgeni akija kuku atachinjwa, na watoto wa nyumba nao watapata kipande. Lakini methali inasema zaidi ya hapo. Inasema kwamba mwenyeji naye ni mgonjwa, na kwamba dawa yake huja na mtu anayebisha hodi. Maana hiyo ilitujia kwa nguvu katika mji mdogo wa Tsuwano, nchini Japani, tulipolala usiku mmoja katika nyumba ya wageni ya jadi kabla ya hija ya tarehe 3 Mei.

Tsuwano uko bondeni, katika mkoa wa Shimane, magharibi mwa kisiwa cha Honshu. Zamani ulitawaliwa na ukoo wa Kamei, na magofu ya ngome yao bado yako juu ya kilima. Nyumba nyingi zimeezekwa kwa vigae vya rangi ya udongo mwekundu. Kando ya mtaa wa Tonomachi kuna mifereji ya maji ambamo samaki wakubwa wa rangirangi, waitwao koi, huogelea bila kuwaogopa wapita njia. Katika mtaa huo limesimama kanisa Katoliki lililojengwa mwaka 1931. Kwa nje lina umbo la makanisa ya Ulaya, lakini ndani sakafu yake imetandikwa mikeka ya Kijapani, tatami, na waamini huvua viatu mlangoni.

Tulikuwa wanne: waseminari watatu na padre mmoja aliyekuwa akifanya utume nchini humo, ambaye ndiye aliyetutafsiria. Tulifika jioni kwa treni kutoka Shin-Yamaguchi, tukatembea kwa miguu hadi kwenye nyumba tuliyopangiwa. Nyumba za namna hii huitwa ryokan. Ni za mbao, milango yake husukumwa kando badala ya kufunguliwa, na mengi humo yamewekewa utaratibu.

Mama mwenye nyumba alitupokea akiwa amepiga magoti pale kwenye kizingiti, akainama mpaka paji la uso likakaribia sakafu. Tulivua viatu tukapewa malapa ya kutembelea kwenye ujia. Mlangoni pa chumba malapa nayo yakavuliwa, maana juu ya tatami hukanyagwi kwa chochote isipokuwa soksi au mguu mtupu. Chumba kilikuwa karibu kitupu: meza fupi, mito ya kukalia, na kijichumba ukutani chenye picha ya maandishi iliyoning'inizwa na ua moja ndani ya chombo. Alituletea chai ya kijani na kipande cha keki nyembamba iliyokunjwa, yenye maharage matamu ndani yake, ambayo ni sifa ya mji huo. Kisha akatuonyesha jinsi ya kuvaa yukata, vazi jepesi la pamba ambalo kila mgeni hupewa: upande wa kushoto hulazwa juu ya ule wa kulia. Kinyume chake, alisema akicheka, huvalishwa maiti.

Baadaye tulikwenda kuoga. Kwanza unajisugua na kujisuuza kabisa ukiwa umeketi kwenye kigoda, ndipo unaingia katika birika kubwa la maji ya moto. Sabuni haiingii humo, kwa sababu maji yale ni ya wote na mwenzako anakuja nyuma yako. Chakula cha usiku kilikuwa na bakuli moja la wali uliomwagiwa mchuzi mwepesi. Kwa macho ulikuwa wali tu. Ulipochimba kwa vijiti ndipo ulipokuta uyoga, karoti, vipande vya tofu na mboga za milimani. Chakula hiki cha Tsuwano huitwa uzumemeshi, yaani wali uliofukia. Husemwa kwamba zamani watu walificha kitoweo chini ya wali kwa sababu ya amri za kubana matumizi. Tulikula tukiwakumbuka Wakristo wa nchi ile, ambao kwa zaidi ya miaka 200 walificha imani yao chini ya maisha ya kawaida, bila padre na bila Misa.

Wazao wa Wakristo hao ndio waliotufikisha Tsuwano. Dini yetu ilipigwa marufuku Japani nzima mwaka 1614. Mnamo Machi 1865, waamini kutoka kijiji cha Urakami walikwenda kwenye kanisa jipya la Oura, Nagasaki, wakamfunulia Padre Bernard Petitjean kwamba wao nao ni wa imani moja naye. Furaha ile ilikuwa fupi. Serikali iliwakamata na kuwahamishia mikoa mbalimbali watu wa Urakami takribani 3,400, na zaidi ya 600 kati yao walifia uhamishoni. Tsuwano ulipokea watu 153 kwa jumla, wa kwanza wakiwa wanaume 28 waliofika mwaka 1868. Walifungwa katika hekalu lililoachwa, kwenye kipito cha mlimani kiitwacho Otome Toge.

Mpendwa msomaji, jambo lililotugusa zaidi ni jinsi mateso yale yalivyoanza. Watawala wa Tsuwano walikuwa na imani kwamba Wakristo wangeweza kugeuzwa kwa maneno. Mwanzoni, basi, waliwatunza vizuri, wakawaletea watu wa kuwafundisha na kuwashawishi. Wale 28 waliposhikilia imani yao, chakula kilipunguzwa na nguo za baridi zikachukuliwa. Baadhi yao walitupwa katika kidimbwi chenye barafu. Mmoja wao, Yasutaro, alifungiwa ndani ya kizimba katika majira ya theluji. Aliwasimulia wenzake kwamba usiku hakuwa peke yake: mwanamke aliyevaa buluu, aliyefanana na Bikira Maria, alikuja kuzungumza naye. Alifariki mwaka 1869. Baadaye waliletwa pia wanawake na watoto, na kijana Yujiro alikufa kwa mateso akiwa na miaka 14. Marufuku ilipoondolewa mwaka 1873, walionusurika walirudi Urakami. Zaidi ya 30 walibaki katika ardhi ya Tsuwano.

Tulipotoka kula tulikuta magodoro yametandikwa sakafuni, na mashuka meupe yamenyooshwa bila kunjo hata moja. Tulisali Sala ya Mwisho, tukazima taa, lakini usingizi haukuja upesi. Mkeka mmoja wa tatami una urefu wa karibu sentimita 180 na upana wa sentimita 90. Chumba chetu kilikuwa cha mikeka minane, miwili kwa kila mmoja wetu. Kizimba cha Yasutaro kilikuwa na sentimita 90 hivi kila upande. Yaani nusu mkeka. Na sisi tulikuwa tumetoka kwenye maji ya moto, katika mji uleule ambao wenzetu waliingizwa katika maji ya barafu. Tulijiuliza kama ni haki mahujaji kulala pazuri namna ile mahali kama pale.

Asubuhi padre alimwuliza mama kama amewahi kupanda Otome Toge. Alijibu kwamba yeye si Mkristo, lakini tangu utotoni anajua kilichotokea pale, na kila akipita huinamisha kichwa. Tulimwuliza tena kama haoni shida kuwapokea mahujaji wa dini nyingine kila mwaka. Alishangaa kidogo. "Nyumba ya wageni haimwulizi mgeni anaamini nini," alisema. "Inamwuliza atakula saa ngapi." Kisha akatufungia wali uliofinyangwa, ili tusione njaa katika maandamano.

Tuliandamana na waamini wengine kutoka kanisani hadi kwenye kikanisa cha Bikira Maria kilichojengwa pale kipitoni mwaka 1951. Tukiwa njiani tuliyaweka maneno ya mama yule kando ya historia tuliyoijua. Watawala wale na mama huyu wote waliwapokea Wakristo, wote waliwapa chakula. Tofauti ni kwamba chakula cha watawala kilikuwa na sharti lililojificha chini yake. Mgeni alipokataa kugeuka, sahani iliondolewa.

Hapa ndipo sisi tunaojiandaa kwa upadre tunapaswa kujipima. Kesho tutakuwa na parokia zenye shule, zahanati na magunia ya mahindi ya kugawa wakati wa njaa. Kumtangaza Kristo ni wajibu wetu, na hatuwezi kuuacha. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya uhuru wa dini, ulifundisha wazi kwamba hakuna anayepaswa kulazimishwa katika mambo ya imani. Naye Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 53 ya Kanuni yake, anaagiza mgeni apokelewe kama Kristo mwenyewe. Kama mgeni ni Kristo, mwenye haja ya kugeuzwa kwanza ni mwenyeji.

Kwa hiyo kipimo ni rahisi, ingawa ni kigumu kukitimiza. Mtu aliyekula kwetu na kutibiwa kwetu, siku atakaposema hapana kwa yale tunayohubiri, je, sahani yake itabaki na kiasi kilekile? Kama itabaki, alikuwa mgeni. Kama itapungua, hata kwa kijiko kimoja, basi tangu mwanzo tulikuwa tunamjengea kizimba, na tusijidanganye kwamba ni chumba.