Kitenzi cha Kwenda na Mgeni Wake

Miongoni mwa vitenzi vya Kiingereza ambavyo mwanafunzi hukutana navyo siku za mwanzo, kimoja kina herufi mbili tu, nacho ni "go", yaani kwenda. Kwa ufupi wake wote, aghalabu ndicho kinachomtatiza. Ameambiwa kwamba wakati uliopita huongezewa "-ed", hivi kwamba "walk" huwa "walked". Naye, kwa kufuata kanuni aliyopewa, huandika "goed". Hapo hukatwa kwa wino mwekundu na kuchekwa na wenziwe. Sisi tuliosomesha lugha hapa Uganda kwa zaidi ya miaka 20 tumeona watoto walionyamaza muhula mzima kwa sababu ya kicheko kama hicho. Kwa hiyo yatupasa kuijua historia ya neno lenyewe.

Katika Kiingereza cha kale, kabla ya mwaka 1100, kwenda kulikuwa "gan", na wakati wake uliopita ulikuwa "eode", neno lisilo la shina lile. Basi kasoro hiyo si ya jana. Kando yake palikuwa na kitenzi kingine, "wendan", chenye maana ya kugeuka, na baadaye kushika njia. Hicho kilifuata utaratibu wake vizuri: "wend" ilizaa "went", kama vile "send" inavyozaa "sent" na "bend" ikazaa "bent". Kufikia mwaka 1500 hivi, "eode" ilikuwa imetoweka, na "went" imehamia katika nyumba ya "go". Huko Scotland watu walifanya jambo lile lile alifanyalo mwanafunzi wetu: waliunda "gaed" kutokana na shina lenyewe, wala hakuna aliyewacheka. Nayo "wend", baada ya kunyang'anywa mtoto wake, ikajipatia "wended", na leo husikika kwa nadra.

Je, lugha yetu imesalimika? La. Mtu ajifunzaye Kiswahili hufundishwa kwamba amri hutokana na shina: soma, andika, cheza. Lakini kuja hutoa njoo, kwenda hutoa nenda, na kuleta hutoa lete. Ndiyo sababu mitaani mwetu husikika "kuja hapa" kila siku. Maneno yatumiwayo mno hukaidi kanuni, kwa kuwa mtoto huyashika kwa sikio kabla hajaijua kanuni yoyote. Yale yatumiwayo kwa nadra husahauliwa, kisha hurudishwa katika mstari.

Lipo jambo jingine la kumpa moyo mwanafunzi. Kwenda kwa Kiswahili ni ndugu wa "okugenda" wa Luganda na "kugenda" wa Kinyarwanda na Kirundi. Kiswahili kimeiacha "g" njiani. Humu nchini wako wangali wakikiita Kiswahili lugha ya askari, kana kwamba kilikuja na bunduki. Mtoto akionyeshwa "genda" na "enda" ubaoni, moja chini ya jingine, huona mwenyewe kwamba hajifunzi lugha ya watu wa mbali. Tena kutokana na shina hilo tumepata mwendo, mwenendo, endesha, endelea na maendeleo. Neno la miguu limekuwa neno la tabia, na hatimaye neno la taifa.

Walimu wenzetu, hatusemi "goed" ipewe alama. Mtihani una sheria zake, na mtoto hana budi kuijua "went". Twasema tu kwamba aliyeandika "goed" amefikiri, na fikira yake ni sahihi kuliko historia ya neno. Aambiwe hivyo mbele ya wale waliomcheka, kisha afundishwe lililo sawa. Dakika tano zatosha, nazo zaweza kumrudishia mtoto sauti yake darasani.