Vazi na Tabaka katika Michoro ya Kejeli ya Uholanzi

Mchoro wa kejeli hauna nafasi ya kusimulia ukoo wa mhusika wala kipato chake. Mchoraji hana budi kuyasema hayo kwa kofia, kola na viatu. Katika Uholanzi ya karne ya 19 mavazi yalikuwa lugha ya tabaka, na kejeli ilinoga lugha hiyo ilipoanza kuwahadaa waliozoea kuisoma.

Alexander Ver Huell (1822-1897), mwana wa afisa wa jeshi la majini, alisomea sheria Leiden kisha akaishi kwa mali ya familia. Mikusanyo yake miwili, Zijn er zoo? na Zoo zijn er!, ina majina ya swali na jibu: je, wako watu wa namna hii? Naam, wako! Anaowachora si watu binafsi bali ni aina za watu, wengi wao wa tabaka lake mwenyewe. Anawacheka kama mtu anavyocheka nduguze mezani, na kicheko cha namna hiyo hakimvunjii mtu heshima.

Hali ni tofauti kwa krinolini, lile tenga la kutanua sketi. Tangu 1856, mbavu za chuma cha pua zilipoanza kutumika, bei yake ilishuka na hata vijakazi wakaweza kuivaa. Wachoraji wa Ulaya, Waholanzi wakiwemo, waliishambulia kwa furaha. Lakini kejeli hiyo ina mizani miwili, jambo ambalo wahakiki wanaosifu ucheshi wake hulipita haraka mno. Bibi mwenye nyumba huchekwa kwa kuwa amezidisha. Mtumishi wake huchekwa kwa kuwa amevaa. Kosa la bibi ni la kipimo, la mtumishi ni la kuthubutu.

Mavazi ya mikoani nayo yalikuwa na ngazi zake. Huko Friesland wanawake walivaa chini ya kofia ya kitambaa utepe wa madini ulioshika kichwa: shaba, fedha au dhahabu, kwa kadiri ya uwezo. Hapo mgeni alijua utajiri wa mtu kwa kumtazama tu. Baadaye wengine walivaa kofia ya mtindo wa mjini juu ya dhahabu hiyo hiyo, wakijaribu kuwa wa kwao na wa kisasa kwa wakati mmoja.