Mkono Uliofungua Mlango wa Gereza



Wapendwa waamini, juma hili naandika kwa haya kidogo. Kwa majuma matatu karatasi moja ilikaa juu ya meza yangu ikingoja sahihi yangu na mhuri wa parokia. Ilikuwa barua ya kumtambulisha binti mmoja anayetafuta msaada wa ada ya sekondari. Binti huyo hana kosa lolote, naye huimba kwaya kila Jumapili. Aliyeuzuia mkono wangu usitie sahihi ni baba yake.

Miaka michache iliyopita barua isiyo na jina ilipelekwa kwa wakubwa wangu, ikinishutumu kwamba nimekula fedha za ujenzi. Vitabu vya hesabu vilikaguliwa, ikaonekana hakuna hata shilingi iliyopotea, na jambo likaisha. Ndani yangu halikuisha, kwa maana baadaye nilimjua mwandishi. Alikuwa mtu niliyekula naye meza moja, niliyemkabidhi funguo za stoo ya saruji. Sasa yeye ndiye aliyesimama mlangoni pangu, kofia mkononi, akiomba barua ya mwanawe. Nilimwambia, "Iache hapo, nitaiangalia." Nami nikaiangalia majuma matatu.

Katika juma la kumbukumbu ya Baba wa Taifa, tarehe 14 Oktoba, nilipanda milimani kuwapelekea wagonjwa Komunyo Takatifu. Ukitoka hapa Same penye joto na vumbi, kila kona ya barabara hukupunguzia jasho, mpaka unafika kwenye migomba na ukungu. Huko yuko bibi mmoja mzee sana, ambaye macho yake yamefifia lakini masikio yake bado ni mazima. Redio yake ilikuwa ikitoa sauti ya Mwalimu Nyerere. Baada ya sala akaniambia, "Padre, mwanangu, hawa wanasifu hotuba zake. Mimi namkumbuka kwa kumtoa Bibi Titi gerezani. Walisema alitaka kumwua, naye akamtoa."

Nilishuka mlima na maneno hayo, na usiku nikarudia historia hiyo ambayo vijana wengi hawaifahamu.

Bibi Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Kabla ya siasa alijulikana kwa uimbaji wake katika vikundi vya ngoma. TANU ilipowahitaji wanawake, mwaka 1955, yeye aliwaendea katika vikundi vyao, na kwa miezi michache tu wanawake wapatao 5,000 wakajiunga na chama. Ni vigumu kueleza uhuru wa 1961 bila kumtaja. Lakini mwaka 1965 alipoteza kiti chake cha ubunge, na Azimio la Arusha la Februari 1967 lilipowakataza viongozi kumiliki nyumba za kupangisha, yeye aliyekuwa nazo akajiuzulu uongozi. Mwaka huohuo Oscar Kambona, aliyekuwa waziri na rafiki wa karibu wa Mwalimu, aliondoka nchini akaenda kuishi Uingereza.

Oktoba 1969 Bibi Titi alikamatwa, pamoja na aliyekuwa Waziri wa Kazi, Michael Kamaliza, na maofisa kadhaa wa jeshi. Walishtakiwa kwa uhaini. Upande wa mashtaka ulidai kwamba walikula njama ya kuipindua serikali na kumwua Rais, na kwamba Kambona alikuwa kiongozi wao akiwa London. Njama hiyo haikufika mbali, kwa sababu Potlako Leballo, kiongozi wa wapigania uhuru wa Afrika Kusini wa chama cha PAC, alipofuatwa ashiriki alijifanya kukubali, huku akiwapasha habari maofisa wa usalama. Kesi ilisikilizwa mwaka 1970 mbele ya Jaji Mkuu Philip Telford Georges, mzaliwa wa visiwa vya Karibi, kwa siku 127. Ilikuwa kesi ya kwanza ya uhaini tangu nchi ipate uhuru. Bibi Titi alikana mashtaka. Hata hivyo alitiwa hatiani, akahukumiwa kifungo cha maisha.

Mwaka 1972 Rais alimsamehe, naye akatoka. Aliishi kimya kwa miaka mingi. Taifa liliposherehekea miaka thelathini ya uhuru, mwaka 1991, sifa zake zilianza kutajwa tena hadharani. Mwalimu alifariki dunia mwaka 1999, Bibi Titi akamfuata mwaka 2000. Leo barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake.

Ndugu zangu, nisieleweke vibaya. Kanisa limemwita Mwalimu Mtumishi wa Mungu tangu mchakato wake ulipoanzishwa jimboni Musoma, lakini kumheshimu si kusema kwamba utawala wake haukuwa na jeraha. Sheria ya kuwaweka watu kizuizini ya mwaka 1962 iliwafunga wengine bila kufikishwa mbele ya hakimu yeyote. Wala njama hazikwisha mwaka 1969. Januari 1983, wakati Waziri Mkuu alikuwa mwana wa milima yetu, Cleopa Msuya wa Usangi, wanajeshi na raia kadhaa walikamatwa kwa njama nyingine ya kuipindua serikali. Baadhi yao walihukumiwa kifungo cha maisha mwishoni mwa 1985, na mwaka 1995 nao walipata msamaha, safari hii kutoka kwa Rais Ali Hassan Mwinyi.

Sisi Wapare tunajua kwamba kuna njia nyingine ya kumpinga mtawala. Wazee wetu walipochoshwa na kodi ya mbiru wakati wa Waingereza, hawakumvizia mkuu wa wilaya gizani. Mwaka 1945 walishuka kwa maelfu kutoka milimani, wakaja kukaa hapa Same, mchana kweupe, kila mtu kwa uso wake na jina lake. Ilichukua muda, lakini kodi ile ilifutwa. Njama na barua isiyo na jina ni ndugu, maana zote mbili huficha uso. Mbiru haikuficha.

Maandiko nayo yanayo habari ya namna hii. Katika kitabu cha Esta, watumishi wawili wa mfalme Ahasuero walikasirika, wakapanga kumwua bwana wao. Mordekai alisikia akatoa habari, njama ikavunjika, nao wakatundikwa. Huo ndio mwisho uliozoeleka wa mambo kama hayo. Daudi alifanya lisilozoeleka. Alimkuta pangoni Sauli aliyekuwa akimwinda, akakata pindo la vazi lake tu, akamwacha aende zake. Baadhi yenu mlikuwapo Moshi mwezi Septemba 1990 Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alipotutembelea. Mimi nilikuwa kijana mdogo, nikimwona kwa mbali kama nukta nyeupe. Mkono uliotubariki siku ile ulikuwa umeshikana, Desemba 1983, na mkono wa Mehmet Ali Ağca, aliyempiga risasi mwaka 1981. Alimfuata hukohuko gerezani.

Nilipoyafikiri hayo niliona jambo ambalo sikutaka kuliona. Nilikuwa nikijihesabu mimi ndiye niliyeonewa, basi. Lakini kabla ya barua ile kuandikwa, nilimwondoa mtu huyo katika kamati ya ujenzi mbele ya mkutano mzima, kwa maneno makali, bila kumwita kwanza faragha. Sikukosea kumwondoa. Nilikosea kumwaibisha. Hilo halihalalishi uongo wake, bali linanikumbusha kwamba mtu aliyesukumwa kando hubaki na jeraha, na jeraha lisilotazamwa huanza kunong'ona usiku.

Tena niliona kwamba msamaha si kujifanya hujui. Bibi Titi hakusamehewa kimyakimya. Kwanza mambo yalisemwa mahakamani. Mimi nilikuwa nimechagua njia iliyo mbaya kuliko zote: sikusema ukweli, wala sikusamehe. Nililipiza kisasi kwa kuchelewesha, na aliyekuwa akilipa ni mtoto wa kwaya.

Alhamisi nilimwita baba yule. Nilimwambia, "Najua ni wewe uliyeandika. Iliniuma. Nami nilikuvunjia heshima mbele za watu, naomba unisamehe." Alitazama sakafu kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Padre, nilidhani hujui," akanyamaza. Hakuomba radhi, nami nilikiri moyoni kwamba nilikuwa nikiingoja. Nilitia sahihi mbele yake, nikagonga mhuri, nikampa barua. Alipofika mlangoni aligeuka akasema, "Asante, Baba."

Sitawadanganya kwamba moyo wangu umepona kabisa. Siku nyingine nikimwona kanisani nitahitaji kuisali Baba Yetu polepole, hasa pale katikati. Lakini barua imekwenda.

Kwa juma hili naomba kila mmoja atazame meza yake mwenyewe. Kuna karatasi gani inayongoja mkono wako? Kuna mlango gani ambao ufunguo wake unao wewe peke yako? Usingoje mpaka yule mwingine alie machozi kwanza.

Mwombeeni bibi yetu wa mlimani, ambaye hali yake si nzuri. Nami mniombee.

Mungu awabariki nyote.