Gari linanuka sheli

Kwa wiki mbili, gari la zamani la familia moja ya Mbagala, Dar es Salaam, lilikuwa haliwaki asubuhi mpaka baba apige selfu mara nne au tano. Alinunua betri mpya, akabadilisha na plagi. Hali ikabaki ile ile.

Wakati huo binti yao wa miaka 6, anayekaa kiti cha nyuma, alikuwa akifika shule akilalamika kichwa na kichefuchefu. Mama alimpima malaria, hakukutwa nayo.

“Mama, gari linanuka sheli,” mtoto alisema. Wazazi walikuwa wameshaizoea harufu.

Fundi aliposikia hivyo, hakufungua boneti. Alinyanyua kiti cha nyuma. Chini yake, juu ya pampu ya mafuta, mpira ulikuwa umepasuka kwa uzee. Gari likilala, presha ya mafuta ilishuka, ndiyo maana asubuhi lilisumbua. Mvuke nao ulipanda alipokaa mtoto.

Mvuke wa petroli huumiza kichwa na kuleta kizunguzungu. Ndani yake mna benzini, kemikali inayoweza kusababisha saratani kwa anayeivuta muda mrefu. Tena cheche moja tu yatosha kuwasha moto.

Mzazi, ukisikia harufu hiyo, zima gari, shusha watoto kwanza, usipige selfu tena. Mwite fundi.

Mpira mpya uligharimu kidogo sana kuliko betri. Kesho yake gari liliwaka mara moja, na binti akafika shule akiwa mzima.