Mlima Kasigau na Mtoto Mwenye Usonji

Ukitoka Voi kuelekea Mombasa, utafika Maungu. Hapo huiacha barabara kuu na kushika njia ya Kasigau. Mlima huonekana kitambo kabla hujaufikia, umesimama peke yake katika nyika, kimo chake kikikaribia mita 1,640. Mtu wa Rukanga, Jora, Makwasinyi, Bungule au Kiteghe, vijiji vilivyouzunguka, akiinua macho hujua aliko na aendako.

Mtoto mwenye usonji naye huhitaji alama isiyohama. Mengi tumwambiayo kwa maneno humponyoka, bali picha hubaki mbele yake. Basi mwalimu na abandike ukutani picha za siku nzima kwa taratibu: kusoma, kucheza, kula, kurudi nyumbani. Kila kazi iishapo, mtoto aigeuze picha yake. Pakiwa na mabadiliko, aonyeshwe mapema. Pembeni pawe na mkeka, apumzike makelele yamzidipo. Wala hiyo si adhabu.

Akina mama wa Kasigau wasukapo vikapu vya mkonge huanza kitakoni, wakapanda mzunguko baada ya mzunguko. Ndivyo afundishwavyo mtoto huyu kunawa mikono: kwanza kufungua maji, akishamudu, hatua ya pili.

Enyi wazazi, usonji si laana wala utukutu. Msimfungie mtoto chumbani kwa kuhofia maneno ya jirani. Mpelekeni shule, nanyi zibandikeni picha zile zile nyumbani. Mtoto ni amana, na amana hii hutunzwa kwa kufundishwa.